Nimeficha barua ya mtoto wangu ndani ya unga

Tantine Camille, kamata hii karatasi yangu na mikono mbili, juu sina muntu mwingine wa kuambia, na unisamehe maandiko, nilijifunza kuandika pa foyer ya bamama wakati kampani ilikuwa ingali inatufundisha kushona na kusoma, na tangu foyer ilifungwa mukono yangu inasahau herufi moja moja.

Minye ni mama ya batoto bane, ku nyumba ya kampani hapa Shituru, bwana yangu Georges anatumika ku usine, ata kama siku hizi usine inatoa moshi kidogo kuliko jiko yangu. Shida iko juu ya mutoto wangu wa kwanza, Blandine, iko na miaka kumi na tatu, na ile shida ilianzia mu gazeti yenu. Siwalaumu. Tangu Pasaka munatia maoni ya basomaji juu ya ile kitabu ya batoto ba Bulaya benye kupinga baaskari benye kukamata muji yabo, na Blandine ananisomea yote: kuna ule mwalimu wa Kakanda anasema kila shule iwe nayo, kuna ule baba wa Kakontwe anasema inafundisha batoto kiburi, nilicheka sana, nikasema ule baba hajawahi kukaa pa barza ya Mama Déo.

Juu ile kitabu minye naijua kwa masikio. Mama Déo ni Philomène, alikuwa jirani yangu ukuta kwa ukuta miaka kumi na moja. Alisoma kwa masista. Saa sirène ya saa nane ililia na babaume ba posta ya pili, ile zamu ya muchana, baliingia kazini, sisi bamama tulikuwa tunakusanyika pa barza yake, kila mumoja na kitunga ya kalanga ya kumenya, na yeye anafungua kitabu, anaangalia mu Kifaransa, anasema mu Kiswahili, sajini na sauti ya sajini, mutoto na sauti ya mutoto. Na alikuwa na sheria yake: kipande ikiisha, kila mama atoe maoni mbele ya kurudia kwake. Mwenye hana maoni anabaki, anamenya kalanga ya bote.

« Minye leo sina maoni, niko na njaa », Émilienne alisema siku moja, ule wa nyumba ya tatu.

« Basi menya. »

« Ngoja, ngoja! Maoni iko njiani, inakuja! »

Kile kipande kilitufurahisha kupita ni pale batoto banaiba ulimi ya kengele ya kanisa, ile chuma ya ndani, ili baaskari bashindwe kuita bantu, na banaificha mu pipa ya bunga ya muchoma mikate. Sajini anakuja kutafuta, anatia uso mu bunga, anapiga chafya. Mama Déo alipiga ile chafya mpaka kalanga yake yote ikamwangika. Na maoni yangu ilikuwa moja tu kila juma: « Lakini mama ya ule mutoto eko wapi? Mutoto anapita na chuma chini ya nguo, mama haone? »

« Mama Blandine, weye ungemufunga na kamba », Philomène anasema.

« Ndiyo! Ku muguu ya kitanda! »

Bote banacheka. Ah, Tantine, ile wakati. Bunga ya kampani ilikuwa inafika kila mwezi mu mifuko, batoto balikuwa na soksi nyeupe, Jumapili fanfare inapita inapiga, na hakuna muntu alikuwa anauliza jirani yake kwabo ni wapi. Siku zingine niko peke yangu pa jiko, nasikia sawa vile ile sirène ingali inalia saa nane, nashika kitunga, nasimama, kisha nakumbuka.

Kulibakia kipande moja tu. Mama Déo alifunga kitabu, akasema tutamaliza juma ijayo, mulete kalanga mingi, mwisho ni murefu. Ile juma ijayo haikufika. Ilikuwa 1993, weye unajua ile mwaka, balikuwa banaambia bantu ba mukoa ya Kasai barudie kwabo, na Philomène na bwana yake balikuwa ba kule, ata kama batoto babo bote balizaliwa hapa.

Sasa nikuambie ile sijaambia ata padri.

Balikuja asubui, bijana mingi, na fimbo, na nyimbo ya kufukuza bantu. Nilikuwa ndani na batoto, Georges alikuwa kazini. Nikafunga mulango na chuma ya juu na chuma ya chini. Blandine alikuwa na miaka kumi na moja, alitaka kwenda ku dirisha, nikamuvuta mukono, nikamukalisha chini ya meza. Kisha muntu akagonga. Haikuwa kugonga ya bijana, ilikuwa kugonga yake, mbili na moja, ile ya kila siku ya kuomba chumvi. « Mama Blandine. Mama Blandine, ni minye. » Sikujibu. Nilitia mukono mu kinywa ya Blandine. Akagonga tena, kisha kimya.

Nilifungua saa kumi. Pa kizingiti kulikuwa kitabu, amekifunga vizuri mu tablier yake ya jikoni. Hakuwa anaomba kulala kwetu, Tantine. Alikuwa analeta kitabu, tumalize.

Balikaa pa gare majuma na majuma kungojea treni. Siku moja nilipika bukari na samaki, nikaenda na sufuria mpaka karibu na reli, nikaona mugongo yake, anamuchana mutoto nywele. Nikapa sufuria mama mumoja nisiyemujua, nikarudia na mikono tupu. Kisha treni iliwapeleka. Nilisikia bako Mwene-Ditu, kule Kasai.

Na kosa yangu ya kweli inaanzia hapa. Émilienne na bengine baliponiona na kitabu, baliniuliza, nikasema Mama Déo alinipa mukononi, tulikumbatiana, tulilia, akaniambia ukichunge. Nilisema mara ya kwanza na haya, mara ya pili bila haya, sasa ni miaka mbili nasema, nimeongeza na maneno yenye alisema, na bamama banafuta machozi. Kitabu iko mu sanduku yangu. Kile kipande cha mwisho sijasikia mpaka leo. Blandine alisoma mwenyewe, alitaka kunielezea, nikamwambia niko na kazi.

Basi Jumapili imepita majuma tatu, Blandine ananipa barua, « Mama, unapoenda misa utie hii mu sanduku ya gazeti, ni maoni yangu. » Nilifurahi! Mutoto wangu mu gazeti! Pa mulango ya kanisa nikafungua nione tu maandiko yake mazuri. Aliandika mu Kiswahili, nikasoma pole pole na kidole, na nikakaa pa ngazi, misa nilisikilizia inje. Nakuandikia vile iko:

« Kitabu ni nzuri lakini kipande ya mwisho haiko ya kweli. Baaskari banakuja kukamata familia yenye kuficha ulimi ya kengele, na bantu ba avenue yote banafungua milango, banatoka kusimama nabo. Pa avenue yetu milango ilifungwa. Na yetu. Jirani yetu aligonga, mama alikuwa ndani, mukono yake mu kinywa yangu. Minye pia nilikuwa pale na nilinyamaza. Ningeweza kuuma ule mukono. Naomba mwenye kuandika kitabu atuambie wale bantu balifanyaje siku ya kesho. »

Sikutia mu sanduku. Nilirudia nayo, nikaificha mu pipa ya bunga, chini kabisa, naona haya kusema, lakini nilitoa ile akili mu kitabu. Sasa kila juma Blandine ananunua gazeti, anatafuta jina yake, ananiuliza, « Mama, haijatoka? » na minye najibu, « Labda baliandika bengi. » Kila siku natia mukono mu bunga kupima ya bukari, vidole inagusa karatasi. Nilimwambia Georges, akasema choma, hizi bitu ni hatari, tuko na majirani, na muntu anaishi mu ile nyumba ya Mama Déo, unataka aulize nini? Georges haiko mubaya, anaogopa sawa minye.

Gazeti inasema maoni ya mwisho ni hii Jumamosi. Nichome? Nikate ile mistari ya mulango na nilete inayobakia? Ao niache itoke, na Émilienne ajue nilidanganya, na avenue yote ijue? Blandine ananiangalia siku hizi sawa anangojea kitu. Niko naogopa mutoto wangu mwenyewe, Tantine. Nisaidie.

Ni minye, mama wa kalanga, Shituru

*

Mama wa kalanga,

Kwanza toa mkono ndani ya unga. Jibu hili nakutumia kwanza mkononi; likitoka gazetini, Blandine akikubali, majina yote tutayabadilisha na avenue hatutaitaja, kwa hiyo acha kuchungulia dirishani, soma.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya pili nililia, maana hata sisi huku Kikula tulikuwa na barza yetu, na kitabu chetu, na mama mmoja ambaye kiti chake hakuna anayekikalia. Basi nimelia, nimemaliza. Sasa tuongee.

Juu ya mlango, sikuhukumu. Ulikuwa na watoto wanne ndani na nyimbo zile nje. Mji mzima uliogopa siku ile, na mtu akikuambia yeye hakuogopa, muulize alikuwa wapi. Lakini yale makumbatiano, mama yangu? Yale machozi? Hapo hakuna kijana aliyekusimamia na fimbo. Ulimchukua Philomène, ukamtia kinywani maneno ambayo hakusema, ili uonekane mzuri mbele ya vitunga vya kalanga. Hiyo ni yako mwenyewe, na ndiyo inayokuuma, si barua ya mtoto.

Halafu unasema akili ya kuficha uliitoa kitabuni. Haya! Wale watoto walificha ulimi wa kengele ili askari asiupate. Weye umeficha ili nani asipate? Ndani ya nyumba yako askari ni nani? Ni Blandine, anayetafuta jina lake gazetini kila juma huku mama yake anamwambia wameandika wengi? Hawakuandika wengi, mama. Mimi ndiye ninayefungua lile sanduku la kanisa. Juma lililopita tulipata maoni manne, na moja lilikuwa la yule baba wa Kakontwe, amerudi tena na kiburi chake.

Sasa chukua ile mistari uliyoninakilia, uisome upya na kidole. Ulipofika kwenye mlango ulishtuka, ukaacha kuona. Mtoto ameandika: « Minye pia nilikuwa pale na nilinyamaza. Ningeweza kuuma ule mukono. » Hakuchongei. Anajichongea. Miaka miwili mtoto wako anajiuliza kwa nini, akiwa na miaka kumi na moja chini ya meza, hakumuuma mama yake. Na kila anapokusikia ukisimulia yale makumbatiano, anajua hana mtu wa kumuuliza. Uliona haya yako, hukumuona yeye. Hilo ndilo anangojea anapokuangalia.

Kwa hiyo usichome. Usikate mstari hata mmoja. Mkasi wako ukiugusa mlango, umeufunga mara ya pili. Leo, si kesho, itoe barua, mrudishie Blandine mkononi mwake, na umwambie ilikuwa wapi. Umwambie ule mkono kinywani mwake ulikuwa wa mtu mzima na kosa ni la mtu mzima, yeye hana deni. Sema hivyo kwa maneno mafupi, na usilie kwanza, kwa sababu ukilia yeye ndiye atakayekubembeleza. Kisha yeye achague kuleta au kutoleta. Ni barua yake. Akileta, tutaitoa yote, bila jina la familia wala avenue, na Georges alale usingizi. Mwambie pia makaa bado yapo sokoni, hahitaji kupikia na karatasi za watoto.

Kabla ya Jumamosi umwite Émilienne na wenzake, pale kwako, saa nane, hata kama sirène hailii. Kila mmoja na kitunga chake. Uwaambie kitabu ulikikuta pa kizingiti, mlango ukiwa umefungwa. Mmoja atakasirika, na ana haki. Lakini nakuuliza: unadhani siku ile ni mlango wako tu uliokuwa na chuma juu na chuma chini? Uliza polepole, utashangaa nani ataanza kusema.

Kisha Blandine akae mbele yenu, kama alivyokuwa anakaa Mama Déo, afungue kitabu, awasomee kile kipande cha mwisho, aangalie Kifaransa aseme Kiswahili. Utasikiliza mpaka mwisho, weye mama wa kamba na mguu wa kitanda. Na hutainuka kabla ya kutoa maoni. Sheria ya barza haikufutwa.

Yale maoni uyaandike kwa mkono wako, unaandika vizuri kuliko unavyodhani. Alhamisi uende kwa masista, wana phonie, ile redio ya kuita mbali, wanaita Mwene-Ditu kila juma. Uombe watafutie mama anayeitwa Philomène, mama wa Déo, aliyetoka Shituru. Labda watampata, labda hapana, labda atakuja pa phonie na hatasema kitu. Weye gonga. Mbili na moja.

Akijibu, usianze na msamaha, utamchosha. Anza na maoni yako juu ya mwisho wa kitabu. Alikuletea kile kitabu asubuhi ile, na nyimbo zikiwa nyuma yake, kwa sababu alitaka kuyajua maoni yako. Msamaha utapata njia yake ndani.

Barua ya Blandine naingojea Jumamosi mpaka saa sita. Ikija na unga juu yake, tutapangusa.

Tantine Camille