Aliyeshika Usukani

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe na shemeji na wote walio chini ya paa lenu. Natumaini goti lako limetulia, na kwamba umeacha kupanda ngazi na ndoo mkononi kama msichana. Huku kwetu tu wazima wa mwili. Mwanao anakula vizuri, analala vizuri, na kwa kelele amenishinda. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza katikati, nami ningepata mwanya wa kunyamaza.

Habari za kesi yangu umezipata vipande vipande, kwa hiyo nizipange upya. Leseni yangu ilisimamishwa miezi sita kwa mwendo kasi wa mara kwa mara. Cheka tu, nimekuruhusu. Mwalimu wa udereva, ambaye wanafunzi wamempachika jina la Breki Mbili kwa jinsi asivyochoka kukanyaga breki ya upande wake, anakamatwa akikimbia kutoka somo moja kwenda jingine. Nilipaswa kuifunga shule hadi leseni irudi. Sikuifunga. Nilijiambia kwamba mimi nakaa kiti cha abiria, usukani anashika mwanafunzi, basi siendeshi. Wakili ameniambia kwamba hata hilo ni kosa, ila ni dogo, la faini na onyo.

Kubwa ndilo lililotufikisha mahakamani. Siku ile nilikuwa namfundisha mwanao kuliondoa gari mlimani, pale kwenye taa, juu ya ule mteremko mrefu. Askari wa usalama barabarani aliyekuwa amesimama ng'ambo ya makutano anasema aliona gari la shule likipita, na aliyekuwa akiendesha ni mwanamume mwenye kofia. Alipanda pikipiki akatufuata, akatukuta tumesimama kando ya kituo cha mafuta. Nyuma ya usukani alikuwa mwanao. Mimi nilikuwa kiti cha pili, na kofia yangu kichwani. Akaomba leseni zetu, na yangu ikamtoa macho.

Kwa hiyo kesi nzima imebaki kwenye swali moja, ni nani aliyeshika usukani pale kwenye taa. Mahakama ikimwamini askari, nimeendesha gari nikiwa nimezuiwa, na wakili hakunificha: naweza kufungwa hadi mwaka mzima, leseni ifutwe, na kibali cha shule kiende nayo. Ikimwamini mwanao, nalipa faini narudi kazini. Shahidi wangu ni yeye peke yake.

Jumatatu tulikwenda. Mahakama yenyewe ni chumba kidogo chenye feni inayolia kila ikizunguka, na mabenchi yaliyong'aa kwa kukaliwa na watu wenye wasiwasi. Nilisimama kizimbani nikakana shtaka, na sauti ikanitoka nyembamba mno hata karani akaniomba nirudie. Askari alitoa ushahidi wake polepole, hakutia chumvi. Wakili wangu alimuuliza kama anaweza kuapa kwamba aliiona sura yangu. Akasema sura hapana, aliona kofia na mabega. Wakili akanitazama kwa furaha. Mimi roho ilikuwa juu, nikimtazama mwanao aliyekaa benchi la mbele. Alikuwa ameinamisha kichwa na midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti.

Kisha akaitwa. Alikuwa ameshasimama, ameshapita mbele ya watu, amebakiza kula kiapo tu, hakimu akatazama saa na kusema muda hautoshi, shahidi atasikilizwa Alhamisi. Mtu mwingine wa umri wake angeshusha pumzi. Mwanao alisikitika. Njiani aliniambia kwamba alikuwa tayari kabisa, na kwamba hakuna swali ambalo lingemyumbisha.

Dada, yule askari hakukosea. Nilikuwa mimi.

Gari lilimzimikia mwanao pale kwenye taa, likazima tena, na tena. Nyuma yetu honi zilikuwa zikilia kama zimelipwa. Mimi ninayewaambia wanafunzi kila siku kwamba honi ya nyuma haiendeshi gari lako, nilipandwa na hasira nikamwamuru ateremke tubadilishane viti. Niliendesha hadi kituo cha mafuta, nikamrudishia usukani ili amalizie somo, na hapo ndipo pikipiki ilipotokea. Askari alipouliza nani aliendesha pale kwenye taa, mwanao aliona nilivyobadilika rangi. Akasema ni yeye. Neno la kwanza lilikuwa lake, la kumwokoa mjomba wake, na ningeweza kulikanusha palepale nikiwa bado ndani ya gari. Nilinyamaza.

Mengine yote baada ya hapo ni yangu. Unajua pale ofisini kuna meza yenye barabara zilizochorwa kwa chaki na vigari vya kuchezea, ninapofundishia nani apite kwanza. Tuliifutia mistari tukachora mlima na taa. Nilimkalisha hapo nikamfundisha uongo namna ileile ninayofundisha kuegesha gari kinyumenyume: kidogo kidogo, unarudia, ukikosea unaanza upya, mpaka mkono ufanye wenyewe bila kuuliza kichwa. Nilijifanya mwendesha mashtaka, nikamuuliza kwa ukali. Mwanzoni alikuwa akitazama chini kabla ya kujibu. Nikamwambia asitazame chini. Siku hizi hatazami.

Na kuna hili, ambalo ndilo lililoniketisha kuandika. Wiki iliyopita ulipiga simu ukamwomba mwanao akuambie kweli, mama na mwana, kama ndiye aliyekuwa akiendesha. Alikujibu papo hapo, akakueleza honi na jasho la viganja. Ukasema unamwamini, kwamba tangu utoto huyu hajakudanganya hata kwa sukari. Dada, mimi nilikuwa nimekaa naye meza moja, na simu ilikuwa kwenye spika. Mimi ndiye niliyemwambia aanze na wewe. Nilimwambia akimshawishi mama yake, hakimu hatampa shida. Ulipokata simu nilimpiga bega nikamwambia amefaulu.

Nimeona aibu nyingi maishani lakini hii siijui pa kuiweka. Uliniletea mtoto nimfundishe gari.

Leo asubuhi nilimwita nikamwambia kwamba Alhamisi, kabla hajaitwa, nitasimama nikiri shtaka mwenyewe, na yeye hataapa wala kusema neno. Wakili nimeshamwambia. Akanikumbusha umri wangu na ubaridi wa sakafu za jela, akanihesabia hata mashuka nitakayohitaji kule. Nilidhani mwanao angefurahi kutuliwa mzigo, lakini alinikasirikia. Alisema amejifunza kwa bidii na nisimvunje moyo. Aliniomba nimsikilize mara moja tu nione asivyotetemeka, akaanza kuyasema yote tangu mwanzo, macho amenikazia, hapepesi, na mimi niliyekuwapo nikajikuta karibu namwamini. Nikamsihi anyamaze. Sijapata kuogopa hivyo, hata pale kizimbani.

Sikuombi unisamehe kwa sasa, wala usije mahakamani na goti hilo. Shule nitaifunga kesho, na wanafunzi nimewapeleka kwa mwalimu mwenzangu, ambaye yeye hukimbia kidogo kuliko mimi. Mwanao nimempa nauli ya kurudi kwako, lakini amesema haondoki mpaka asikie hukumu. Amekurithi ubishi.

Jumapili atakupigia kama kawaida. Nakuomba umuulize tena swali lilelile. Usimsaidie, usimkaripie, na akikaa kimya muda mrefu msubiri. Sitakuwa pembeni yake.

Nisalimie shemeji na watoto, na mwambie shemeji ile redio yake nitaifikisha kwa mkono wa mwanao. Nawaombea afya njema, na mniombee na mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Breki Mbili