Kilio cha Usaili

Jumatatu, 10 Januari 1994
Nimekariri tena nikifua nguo. Kipande ni kile kile tulichopewa na chuo cha maigizo: binti anamlilia babake aliyekufa, anaanza na ukemi wa msiba kabla ya neno lolote. Maneno ninayo. Ukemi sina. Usaili ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nisipopita, shangazi ananingoja na meza yake ya mitumba sokoni Gikomba. Sitaki. Sitaki kabisa.

Jumatano, 12 Januari
Balaa! Nilifunga mlango nikapiga ukemi wenyewe, ule wa kwetu magharibi, mikono kichwani. Kufumba na kufumbua nyumba imejaa watu. Mama Zuhura wa mlango wa pili alifika na leso begani, tayari analia. Mwingine alishaanza kutoa viti nje. Walidhani ni baba amekufa. Baba yuko kitandani tangu Novemba, kifua, vumbi la pamba ya kiwandani. Akakohoa huko nyuma ya pazia, wote kimya. Wakaondoka wakinitazama vibaya. Nilitamani ardhi inimeze.

Alhamisi, 13 Januari
Mathe, mamangu, haongei nami. Jioni alisema mara moja tu: kwao hakuna anayemlilia mtu angali anapumua. Ni kumfungulia njia aende. Nikamwambia ni maigizo. Akaniuliza, kwani kifo kinajua maigizo? Nimemkasirikia sana. Pia naogopa, na huko kuogopa ndiko kunanikera zaidi.

Jumapili, 16 Januari
Wote kanisani, nimebaki na baba, buda wangu. Akaniita. "Hebu nililie, mama. Nisikie nitakavyoliliwa." Alikuwa anacheka. Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mamake. Nikasimama katikati ya chumba, nikaweka mikono kichwani. Wapi! Hewa tupu. Akasema basi, nitalia huko huko kwa wasaili. Bado anacheka, lakini mkono wake ulikuwa umekamata blanketi kwa nguvu.

Jumanne, 18 Januari
Mazoezi Donholm, kiwanjani, mbali na majirani. Nasikika kama mbuzi. Buda amekataa uji.

Jumamosi, 22 Januari
Nimechoma, nimeuharibu usaili. Ukumbi baridi, wasaili mezani na miwani yao. Nikapanda jukwaani, nikaweka mikono kichwani. Nilichoona mbele yangu ni lile pazia la nyumbani. Sauti ilikuwepo leo. Niliisikia imefika kooni, na nilijua ikitoka haitakuwa ya maigizo. Nikafunga mdomo. Yule mama wa katikati akasema basi nianze na maneno. Hata hayo yakanishinda. Akangoja, wee, akangoja, kisha akaita anayefuata.

Nimetembea mpaka nyumbani nikijitukana. Nafasi kama hii hairudi. Mjinga mimi.

Jumapili, 23 Januari
Mathe amenimiminia chai bila kuuliza kitu. Nadhani uso wangu ulimwambia yote. Nikampelekea baba uji, leo akanywa kidogo. Akataka kujua kama nililia. Njiani jana nilikuwa nimemtungia uongo mzuri, jinsi walivyosimama wote wakapiga makofi. Nikauacha. Nikamwambia hapana, sikulia.

Akatazama dari.

"Asante, mama," akasema. Akageukia ukutani akalala.