Mjane, kwa Kamba, Kisimani

Baba Zuhura,

Nimeshinda! Wallahi nimeshinda, na wewe hukuwepo kuona. Miaka yote ile umenigaragaza kwenye mchezo wako wa kutafuta muuaji, unajipiga goti na kucheka mpaka majirani wanachungulia, halafu nakuja kushinda siku kiti chako kiko kitupu. Sijui nifurahi au nikugombeze. Ngoja nikusimulie taratibu, maana leo huwezi kunikatiza.

Eda iliisha mwezi uliopita. Miezi minne na siku kumi nimekaa ndani, na nyumba imepoa jamani. Watu wananisemesha kwa sauti ya wodini. Mama Jenista wa Bugene analeta mkungu wa ndizi, anauweka jikoni, anaondoka ananyata. Zuhura hafungui redio. Jina lako hawalitaji, wala neno lolote linalokukaribia. Mwanzoni nilishukuru. Baadaye nikaona wananizika na mimi.

Jumamosi baada ya alasiri akaja mdogo wako Hamadi, na pikipiki yake kutoka Isingiro, kaniletea sukari. Akaliona boksi la mchezo juu ya kabati. "Shemeji, nipe nikalihifadhi kwangu," akasema. "Mchezo wa kutafuta nani kaua haufai nyumba iliyotoka msibani." Alisema kwa upole, si unamjua. Lakini mimi nilihisi anataka kuondoka na kicheko cha mwisho kilichobaki humu ndani. Nikamwambia, haya, tucheze. Ukishinda, lichukue. Nikishinda mimi, linabaki hapa, na utakuja kucheza kila Jumamosi, upende usipende. Akamtazama Zuhura. Mwanao akaenda zake kufuta meza.

Unakumbuka ulivyolipata, kwenye rundo la mitumba pale Kayanga, limeandikwa Kiingereza kitupu? Wiki nzima ulikaa na kamusi. Ukabandika karatasi juu ya kila kadi, wale wazungu sita ukawageuza Mwalimu, Mpishi, Karani, Daktari, Mwindaji na Mjane. Ukatuwekea panga, kamba, mchi wa kinu. Ukatuwekea ghala la kahawa na kisima. Kadi tatu zinafichwa kwenye bahasha, yaani muuaji, silaha na mahali. Zilizobaki tunagawana, na kwa kuulizana, mwenye kadi akimwonyesha muulizaji peke yake, tunazitafuta zile tatu. Ukanifundisha mbinu niliyokuwa naisahau kila siku: "Uliza moja usiyoijua, ichanganye na mbili ulizoshika mwenyewe. Wote wakisema hawana, basi ile moja iko kwenye bahasha."

Basi tukaanza, bakuli la senene wa kukaanga katikati. Kamba nikaijua mapema. Kisima nikakijua. Ikabaki kadi ya mtu. Hamadi anauliza Karani, Zuhura anauliza Daktari, mara Mwalimu, mara Mpishi, wanazunguka weee! Nikaangalia karatasi yangu ya kuandikia. Hakuna aliyemtaja Mjane hata mara moja. Na mimi pia, nisiseme uongo. Ulimi ulikuwa unamkwepa.

Hasira zilinipanda, Baba Zuhura. Yaani hata kwenye mchezo?

Kabla sijafungua mdomo, Hamadi akainuka. "Nashtaki. Mpishi, kwa kamba, kisimani." Nikajua boksi limekwenda Isingiro. Akachungulia bahasha peke yake, kama sheria inavyosema, akazirudisha kadi, akakaa. Akachota senene akatafuna. Amekosa! Katoka mchezoni, kilichobaki kwake ni kujibu maswali tu.

Zamu yangu. Nikakaa vizuri. "Nauliza Mjane, kwa mchi, ghalani." Mchi ninao, ghala ninalo. Zuhura akainamisha kichwa. "Sina, mama."

Hapo nikaingiwa na shaka. Mtoto huyu anaweza kunificha kadi kwa kunihurumia, nikashtaki vibaya, nikapoteza vyote. Nikamwambia, niangalie usoni. Akaniangalia, machozi yanamlenga. "Wallahi sina." Na Hamadi, kwa sauti ya chini, "Sina, shemeji."

"Basi nashtaki! Mjane, kwa kamba, kisimani!"

Nikazitoa moja moja. Kamba. Kisima. Mjane! Niliruka, khanga ikadondoka huko, mtu mzima mimi! Zuhura akapiga vigelegele. Vigelegele, nyumba hii!

Hamadi akacheka kidogo, kisha akajishika kichwa. "Nilijua ni Mjane, shemeji. Zuhura alishanionyesha kadi ya Mpishi zamani. Sikukuachia, neno ndilo lilinishinda, nikamtaja Mpishi tu. Ningesemaje mbele yako kwamba mjane ndiye kaua?"

Nikacheka sana. Halafu nikalia, na safari hii sikukubali wanibembeleze. Nikawaambia, mimi ni mjane. Mume wangu amekufa, aliangukia pale dukani kwake, nyote mnajua. Semeni tu, sitavunjika. Zuhura akasema, "Baba angekasirika kushindwa leo." Ndiyo mara ya kwanza kukutaja tangu tulipokuzika.

Tukagawa kadi tena. Zamu ya Hamadi ilipofika akasafisha koo, akanitazama usoni. "Shemeji, nauliza Mjane." Nilikuwa naye mkononi. Nikamwonyesha.

Boksi linabaki, Baba Zuhura. Nakuahidi humu ndani jina lako litatajwa kwa sauti, redio itafunguliwa, na Mama Jenista nitamfundisha kucheza na simwonei huruma hata chembe, kama wewe ulivyokuwa hunionei. Mola akupanulie kaburi lako na akutie nuru. Pumzika, mume wangu.

Mimi mjane wako,
Mama Zuhura