Msalaba wa Baba Mdagi

Baba Mdagi,

Usishtuke nikikuita hivyo. Najua si jina uliloniomba. Ulipokuwa kitandani, mdomo umepindishwa na kiharusi, ulinipungia mkono nisogee, ukasema kwa shida, "Msalabani waandike Baba Leokadia." Nikakujibu, "Nimesikia." Sikusema ndiyo. Mzazi mzoefu angeijua tofauti, lakini wewe kazi ya uzazi uliifanya kwa kuibia. Nakuandikia kukuambia kilichoandikwa na kwa nini kiliandikwa. Nakuandikia waziwazi, asome atakayesoma, maana nisiyetaka ajue ni mama peke yake, na mama hajui kusoma.

Kwetu mtu akipata mtoto, jina lake la zamani hulazwa. Nilipozaliwa mimi wa kwanza ukawa Baba Leokadia, na mama akawa Mama Leokadia. Ulikuwa ukiitwa hivyo kanisani na kwenye mizani ya maharage sokoni Kibondo, na nakumbuka nikiwa mdogo nilivyokuwa nikisikia raha kila mtu akikuita, kwa sababu alikuwa akinitaja na mimi bila kujua. Kisha kambi ya wakimbizi ya Mtabila ikafungwa, wazungu wa mashirika wakauza vitu vyao, majirani wakarudi na magodoro, masufuria na mabati. Wewe ulirudi na gari.

Nalikumbuka likiingia uani. Saluni ya rangi ya maziwa, tumbo linakaribia kugusa nyasi. Ulishuka, ukaipangusa nembo ya mbele kwa mkono wa shati lako la ibada, ukasubiri wanaume wajae. Wakajaa. "Hili ni la Mdagi," ukawaambia, na mtu yeyote wa nyumba zetu anajua kuwa Mdagi ni Mjerumani. "Mjapani anatengeneza gari la kwendea sokoni. Mdagi anatengeneza gari la kurithisha. Mdagi hafi."

Tangu siku hiyo tukawa na somo la historia kila Jumapili. Ulitufundisha jinsi wale waasisi walivyoanza na karakana na baiskeli, jinsi wanavyoupima mlango kwa kuufunga na kuufungua mpaka mashine ichoke, jinsi barabara za kwao hazina kikomo cha mwendo kwa sababu gari lenyewe lina akili. Ulipenda hasa kusema habari za reli. "Nani alileta reli mpaka Kigoma? Mdagi. Ipo au haipo?" Wanaume wakajibu ipo. Bibi, mama yako mzazi, alikuwa akipukuchua mahindi mlangoni, akasema bila kuinua kichwa, "Babu yako alimbeba huyo Mdagi begani kwenye machela. Akaomba kupumzika, akapewa viboko hamsa ishirini. Mgongo wake niliuona mimi." Wewe ukacheka. "Ndiyo maana chuma chao kimenyooka, mama. Pasipo fimbo hapana ubora."

Hilo somo ulilifanyia na mazoezi. Kiangazi kimoja, gari likiwa limetoka kanisani na vumbi lake, nilikwenda nyuma nikaandika kwa kidole kwenye buti: LEOKADIA. Niliandika vizuri, herufi kubwa, kwa sababu nilikuwa ndio kwanza nimejua kuziunganisha. Nilitaka uone. Uliona. Ulichukua mkanda wa feni uliokwisha kazi, uliokuwa umeutundika bandani, ukanipiga mpaka mama akaja kusimama katikati. Kisha ukachukua kitambaa laini ukafuta jina langu taratibu, kwa kuzunguka, usije ukakwaruza rangi.

Aliyeanza kukuita vile ni Bukuru, jirani yetu wa upande wa migomba. Alipita asubuhi akakuta umelala chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana, akakusalimu, "Mwakeye, Baba Mdagi." Alikuwa anakutania. Wewe ulitoka huko chini unacheka meno yote nje, ukaitika. Ungekunja uso mara moja tu, jina lingekufa pale pale. Hukukunja. Kabla ya mvua kuanza kijiji kizima cha Murungu kilikuwa kikikuita hivyo, na mama alibaki Mama Leokadia, kana kwamba mlizaa na watu tofauti.

Sasa tufike kwenye ile siku. Mama alishikwa na uchungu mvua ikiwa inanyesha tangu alfajiri, barabara ya kwenda Kibondo imekuwa uji. Mkunga alitoka chumbani anafuta mikono, akasema mtoto amekaa vibaya, mama apelekwe hospitali sasa hivi. Sote tukageuka kutazama banda. Mdagi alikuwa amelala chini ya turubai lake, mkavu kuliko mtu yeyote pale uani.

"Haiwezekani," ukasema. "Kule bondeni kuna mawe. Sampo itapasuka."

"Sampo ni nini?" mkunga akauliza.

Ukamweleza. Mke wako analia ndani, na wewe umesimama mvuani ukimchorea mkunga kwa mikono kile chungu cha oili kinachoning'inia chini ya injini, kinavyokaa chini, na kinavyopatikana kwa shida. Nikakuuliza mimi, "Si ulisema Mdagi hafi?" Hukuniangalia. Bukuru akasema, "Yewe, washa gari. Likinasa tutalisukuma." Ukamjibu, "Na viti? Damu haitoki kwenye kitambaa kile."

Bukuru hakubishana nawe. Alikwenda kwake akaleta ingobyi, ile machela ya fito na kamba tunayobebea wagonjwa, wakamlaza mama, wakaibeba wanaume wanne wakipokezana mabega. Nilikimbia nyuma yao na furushi la kanga kichwani. Nilipogeuka mara ya mwisho nilikuona ukikazia kamba za turubai, kwa sababu upepo ulikuwa umelifunua upande mmoja.

Mtoto alitoka bondeni, pale pale penye mawe yako. Alikuwa wa kiume. Hakulia. Wanaume walisimama wamempa mama migongo, mvua ikiwachapa. Mama walimwokoa hospitalini, wakatuambia hatazaa tena. Tulipomrudisha nyumbani, akakuomba jina la kumpa yule mtoto hata kama keshazikwa. Ulisema, "Asiyelia hapewi jina." Kwa hiyo yupo pale nyuma ya nyumba hana jina, na gari lako lina jina.

Mama alikusamehe. Sijui alikusamehe lini, sikuwepo, na nisingekubali kuwa shahidi. Mimi nilipomaliza shule nilikwenda Kasulu nikapata kazi kwenye duka la spea la Mzee Shabani, mtu mwenye asili ya Tanga, mpole, anayependa kubishana. Nilichagua duka hilo makusudi. Nilitaka kumjua huyu mke mwenza wa mama kwa undani. Nikajifunza kila kipande chake. Siku moja nilishika sampo mkononi, mpya, imo kwenye boksi lake. Nikamuuliza Mzee Shabani kama ikipasuka gari linakufa. "Linakufaje?" akasema. "Unabadilisha, unatia oili, unaendelea na safari." Nilikwenda uani nikakaa kwenye tairi mpaka akatuma mtu kuniuliza kama naumwa.

Ulipoanguka nikawa nakuja kumsaidia mama kukugeuza. Yeye alikulisha uji kwa kijiko, akifuta kidevu chako kila funda. Mimi nilikuletea elimu. Wakumbuka? Nilikaa kwenye kigoda nikafungua simu, nikakusomea historia ya gari lako, ile sehemu ambayo Jumapili zako zilikuwa zikiiruka. Nikakusomea jinsi wakati wa vita yao kubwa wenye viwanda vile walivyowafanyisha kazi wafungwa na watu waliotolewa makwao kwa nguvu, wakilala kwenye mabanda, wakifa kwa njaa kando ya mashine. "Wakimbizi, baba," nikakuambia. "Kama bibi alivyovuka mpaka na wewe mgongoni. Wewe ungekuwa kule, ungekuwa unaunda gari, hungeliendesha." Ukafumba macho. Nikapandisha sauti.

Kesho yake nikakusomea habari ya moshi. Wadagi wako, hao mabingwa wa ukweli wa chuma, walitia ndani ya magari ujanja mdogo unaojua gari linapokuwa mbele ya mkaguzi. Mbele ya mkaguzi linatoa moshi safi. Likirudi barabarani linatoa moshi wake wenyewe. Dunia nzima iliamini, mpaka wakakamatwa. Ulijaribu kusema kitu. Nilisubiri. Ulichosema ni, "La kwangu ni la zamani." Hata hapo ulikuwa unalitetea, baba. Mkono mmoja umekufa na ule mzima unalitetea gari.

"Mwache apumzike," mama akasema kutoka jikoni.

"Anapenda habari za Mdagi, mama. Sijawahi kumwona akizichoka."

Na lami ilikuja, ile uliyokuwa ukiingoja. "Mdagi ni wa lami, anasubiri lami," ulikuwa ukituambia tukiuliza kwa nini tunakwenda shamba kwa miguu. Ilifika Kibondo ukiwa huwezi kukaa bila mito. Nilikueleza ilivyo laini. Nilikueleza vizuri, sikuacha kona.

Siku hizo ndipo uliponiomba habari ya msalaba. Uliomba na la pili, kwamba Mdagi ndiye akupeleke makaburini. Siku ya maziko gari lilikuwa haliwaki, lakini hilo dogo, vijana wangesukuma. Kilichoshindikana ni jeneza. Tulifungua mlango huu, tukafungua ule, tukalaza kiti, wajomba wakatoa jasho. Miaka yote hiyo ya kulisifia hukuwahi kujiuliza kama unaenea. Bukuru akanitazama, nami nikamtazama, akaenda kwake. Alirudi na ingobyi. Nywele zake zimekuwa nyeupe, yeye hakubeba safari hii, walibeba wanawe. Walipokuita mzito Bukuru akasema, "Mwangalieni, labda kabeba injini," na waombolezaji wakakohoa kwa pamoja. Walikupeleka kwa kupokezana mabega, kama ilivyo desturi ya watu ambao hawana gari.

Fundi wa kuandika misalaba yupo Kibondo, karibu na soko. Aliandika jina lako la ubatizo, kisha akaniuliza, brashi mkononi, "Chini niandike baba nani?" Njia nzima nilikuwa nimejiambia kwamba nitamjibu pale pale nitakapoulizwa, moyo ukiwa mweupe. Nilikumbuka mama alivyokuwa akikufuta uji. Nilikumbuka pia kitambaa laini, kinazunguka juu ya buti, kinaifuta L, kinaifuta E. Nikamjibu. Fundi akacheka akidhani namtania. Alipoona sicheki akachovya brashi.

Tuliuchomeka msalaba Jumamosi baada ya matanga. Mama alipiga magoti, akapitisha kidole juu ya maandishi, herufi moja moja, kama mtu anayechambua mchele.

"Wameandika?"

"Wameandika, mama."

"Nisomee."

Nikasoma jina lako la ubatizo. Halafu nikasoma, "Baba Leokadia."

"Ego," akaitikia. "Umefanya vyema, mwana wanje. Aliniambia alikuwa akilitaka." Akalia kidogo, kilio cha kuridhika. Bukuru alikuwa amesimama nyuma yetu. Yeye anasoma, ndiye anayesoma somo la kwanza kanisani. Aliutazama msalaba, akanitazama mimi, akavaa kofia yake akaenda zake. Mpaka leo hajasema neno, na wengine vilevile.

Mama huja kuzungumza nawe hapo kaburini kila Jumapili, kana kwamba upo. Anakwambia eti kuku wamehamia kwenye gari, wanataga kiti cha nyuma, mayai anayaokota kwa kupitisha mkono dirishani. Kitambaa kile kisichotoka damu kimeshaona mengi sasa. Hajui kwamba mimi ndiye niliyewaachia dirisha wazi.

Kwa hiyo nimekutimizia, baba, kwa namna ya hao uliowapenda. Mbele ya mama, ambaye ndiye mkaguzi wako, unaitwa Baba Leokadia, na moshi ni safi kabisa. Barabarani, kwa kila apitaye anayejua kusoma, una jina lako mwenyewe, kwa rangi nyeusi ya mafuta isiyofutika kwa kitambaa. Nimelipia makoti mawili ya rangi. Fundi amenihakikishia halifi.

Lala hapo ulipo, pakavu.

Ni mimi,
Leokadia, mtoto wa Mama Leokadia