Siku Nyumba Yetu Ilipogoma Kuhama

Nje ya Pecos, Texas
Jumanne, kabla ya mchana

Mpendwa dada yangu Twyla,

Opal ametoka kutupa kiatu chake dirishani sasa hivi, kikamwangukia Mzee Verlon kofiani. Mzee akapiga kelele kwamba malaika wanamrushia mawe, naye Opal akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nikaona bora nianze barua kabla hajatupa na cha pili.

Hujambo lakini? Mama naye, mgongo umempa nafuu? Sisi ni wazima, ila tumefungiwa ndani. Usishtuke, nitakueleza. Simu yangu iko kwenye gari la Clint, ndiyo maana nakuandikia nyuma ya michoro ya Opal, kwa kalamu yake ya nta ya zambarau. Mwandiko wangu unaujua, hata shuleni haukuwa kitu.

Leo ni siku ya kuivuta tena hii nyumba yetu ya magurudumu. Kazi ya bomba la gesi imekwisha hapa, na Clint ameitwa Dakota Kaskazini akachomelee lingine. Siku hizi zetu unazijua: tangu alfajiri mimi nafunga makabati kwa kamba na kushusha kila kinachoweza kuvunjika, yeye anamwaga maji machafu, na hasemeshwi mpaka amalize. Mwisho ndipo unaporudishwa ule ubavu wa nyumba tunaousukuma nje tukiegesha ili sebule iwe pana. Ukirudi ndani, kochi linakuja mpaka mlangoni mwa chumba cha kulala, hapapiti hata paka. Kwa hiyo kabla ya kubonyeza kitufe kule nje, Clint huita, "Pako wazi?" Nami nikishatoka na mtoto, huitikia kutoka ngazini, "Wazi!"

Leo ameita, akajibiwa, akabonyeza. Mota ikalia, kochi likaja likaziba mlango, kisha mota ikafa. Mimi na Opal tuko upande wa huku, juu ya kitanda.

Ungemwona Clint alipogundua! Alikuja dirishani mbio, hana rangi usoni, akisema, "Mungu wangu, mpenzi, nimekufungia! Nilijua uko ngazini. Upepo huu ndio umenidanganya." Akaja na Mzee Verlon, jirani yetu, ambaye yeye na mkewe Nadine waliuza nyumba yao ya matofali wakaingia barabarani uzeeni. Mzee alikuja na sanduku la vifaa, na mdomo wake pia hakuuacha nyumbani. Alimwambia Clint, "Kijana, mke huwekwa moyoni, hafungiwi koponi kama dagaa." Bi Nadine akamrukia hapo hapo: "Nani anasema? Si wewe uliyeniacha msalani kwenye kituo cha mafuta ukaendesha mpaka mji wa pili?" Verlon akajitetea kwamba hata yeye alikuwa anajiuliza mbona siku ile redio inasikika vizuri. Hata Clint alicheka.

Wameegemeza ngazi dirishani. Clint ameniomba na kuniomba tena nimpe Opal, kisha nami nishuke, halafu nyumba tuivute hivi hivi mpaka kwa fundi atakayepatikana njiani. Kule Dakota asiyefika mapema, nafasi yake anapewa mwingine. Nimekataa. Nimesema naogopa ngazi. Hakuniamini, maana ni mimi huyu ninayepanda paani kufagia majani. Lakini kuivuta nyumba ikiwa na watu ndani hafanyi, hilo hana mzaha nalo. Basi amerudi chini ya nyumba kupambana na mota.

Joto linapanda, Twyla. Chumba chenyewe ni kitanda na kuta, nikinyoosha mikono nagusa huku na huku. Opal anauliza, "Nje? Nje?" nami nimeimba nyimbo zote ninazozijua na mbili nilizozitunga. Bi Nadine alipanda ngazi akatupitishia maji, biskuti kavu na soda ya tangawizi. Akanitazama usoni, akashuka bila kuuliza kitu. Ndivyo walivyo watu wa barabarani: hawaulizi, wala hawaagani. Kwaheri hakuna, utasikia tu, "Tutaonana barabarani." Nami nimewaambia wengi hivyo, na hata mmoja sijamwona tena.

Sasa nikwambie, maana wewe ndiye dada yangu. Upepo haukumdanganya Clint. Aliita, "Pako wazi?" nami nikaitikia, "Wazi!" nikiwa nimekaa hapa hapa kitandani, nimempakata Opal. Sikupanga, neno lilitoka lenyewe. Nilitaka tu nyumba hii isiondoke kwanza, maana na sisi ndani haivuti, nipate pumzi ya kusema. Sikujua mota ingekufa, na sasa mwanamume wa watu amelala kwenye changarawe anajilaumu kwa kosa langu.

Nina mimba, Twyla. Nina hakika. Jumapili nilikuwa nimeshafungua kinywa nimwambie, simu ya kazi ikaingia, akafurahi vile, nikameza. Simchukii Clint, wala nyumba hii siichukii, Opal amejifunzia kutembea humu. Lakini huyu wa pili nataka nimzalie mahali ambapo mkunga ananijua kwa jina na mimi namjua. Kile chumba chako cha nyuma, kama hujakijaza makorokoro, tuwekee. Clint anaweza kuja nasi, au aende Dakota aturudie kazi ikiisha. Mwenyewe aliwahi kusema anatamani usingizi ambao haukatizwi na upepo kutikisa nyumba. Nina tumaini naye. Ni mtu anayesikia akiambiwa, na mimi ndiye sijamwambia.

Nisalimie mama, na shemeji Royce, na wote wa hapo Oklahoma wanaotukumbuka. Opal anakutumia busu lenye makombo ya biskuti.

Mdogo wako akupendaye,
Kendra

Twyla, mota imelia! Kochi linasogea, mwanga wa sebuleni unaingia. Verlon anashangilia kama timu yake imefunga bao. Clint amesimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, amenyoosha mikono ampokee Opal. Ananiita. Anasema, "Njoo, mpenzi, twende, bado tutawahi." Nampa mtoto, kisha nitaanza hivi: Clint, weka funguo chini kwanza, wewe hukukosea, na kabla hatujaenda popote ujue kwamba sisi sasa tuko wanne.