Alama ya Chaki kwenye Diski

Mwanangu mhandisi,

Sisi wazima, goti la mama yako limepoa. Ile kompyuta uliyoniachia, diski yake ilianza kukoroma, nikaihofia michoro yako ya miaka sita. Fundi wa kompyuta akasema, "Mzee, niachie niihamishie kwenye diski kubwa." Nikamjibu, "Mlango wa duka lako nimeuranda mimi, nitashindwa na kidude hiki?" Akanipa diski mpya na maelekezo. Ukishanakili, unatanua sehemu za diski zienee nafasi yote. Hilo nililielewa mara moja, ni kama kusogeza mbao za kabati.

Diski ya zamani niliitia msalaba wa chaki nisizichanganye, nikaenda kula. Niliporudi, kompyuta ikauliza ipi ifutwe ipokee nakala. Mwanangu, miaka arobaini ya useremala, kipande chenye msalaba ndicho cha kutupwa. Nikasoma jina lililoandikwa kwenye diski yenye msalaba, nikalichagua hilo.

Ilipoanza kufuta ndipo nikakumbuka michoro yako imo humo, nikachomoa waya mbio. Sijathubutu kuiwasha tena, na fundi sijamwambia, atanicheka.

Mama yako anajua kazi imekwisha salama. Wewe niambie tu kwamba michoro ile unayo mahali pengine.

Ni mimi baba yako, ninayesubiri jibu.