Matako ya Mfalme wa Udongo

Imogen, nimekwisha. Nimejifungia chooni kwa wakwe.

Unakumbuka ile katuni chafu ya vikaragosi vya udongo niliyoiponda mtandaoni? Mimi nilijua mama mkwe anafinyanga vikombe tu. Kumbe vile vikaragosi ni kazi yake!

Leo mezani, nyama ya Jumapili haijakatwa, akatoa simu atusomee maoni ya watazamaji. Akasoma yangu. YANGU!

"Matusi nimevumilia, ila matako ya yule mfalme hayafanani na ya binadamu yeyote."

Baba mkwe akaweka uma chini, akamgeukia mkewe. "Hilary, si ulinifinyanga mimi?"

"Wiki nzima ulisimama uchi mbele yangu, mpenzi."

Matako yake, Imogen! Ya baba mkwe!

Sasa mama mkwe kaenda kuchukua miwani, aione vizuri picha ya aliyeandika.

Niliweka picha ya mbwa wao.